Saa za Mbwa Wetu Zipo Tayari, Ila Zinauzwa

Kuna mbwa wanaoingia Virunga na hakuna anayewauliza karatasi. Tangu mwaka 2011 parke iko na kikosi chake cha mbwa: wale wakubwa wenye masikio marefu wanaofuata harufu ya jangili, na wale wadogo wanaonusa pembe ya tembo na silaha zilizofichwa. Wako na nyumba yao, wako na daktari wao, wako na mtu wa kuwalisha kila siku kwa saa yake. Walifundishwa na wataalamu kutoka Ulaya, na kazi yao ni nzuri. Hatuna neno baya juu yao.

Tunaanza na mbwa hao kwa sababu moja tu. Kila mara tukiuliza kwa nini mama wa Kirolirwe, au mzee wa Itebero, hawezi kupita kando ya parke akifuatana na mbwa wake, tunapewa jibu lile lile: mbwa ni hatari kwa wanyama wa pori. Sawa. Kama mbwa mwenyewe njo hatari, hawa wa kikosi wanaingiaje? Wote wako na pua, wote wako na meno, wote wanakimbiza kinachokimbia. Tofauti ni moja, na wakubwa hawapendi tuitaje: kamba iko mkononi mwa nani.

Sisi vijana wa Masisi na Walikale, wale tuliobaki kijijini na wale vita ilitusukuma mpaka Goma, tunaomba kitu kidogo. Tunaomba saa zinazojulikana. Saa na njia ambazo jirani wa parke anaruhusiwa kupita na mbwa wake asiyefungwa kamba, pembeni mwa mpaka, mbali na mahali gorila wanalala, bila yeye kuitwa jangili na bila mbwa wake kupigwa risasi. Saa hizo ziandikwe kwenye ubao pale njia inapoingia, kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga, Kikano, Kitembo na Kinyarwanda. Zikiisha, kila mtu na mbwa wake nyumbani. Njo hiyo tu.

Tunajua kuna watakaocheka. Kuna wenzetu wa mjini watatuandikia: «Vita iko, watu banakufa, nyinyi munalilia imbwa?»

Hatukuona vita kwenye simu sisi. Mwezi wa kwanza wa 2025 M23 ilichukua Masisi-Centre, halafu Sake, halafu Goma yenyewe. Mwezi wa tatu ikafika mpaka Walikale-Centre, ikatoka mwanzoni mwa mwezi wa ine. Watu walikimbilia wapi siku hizo? Porini. Na mtu aliyelala porini na watoto, bila moto ili moshi usionekane, anajua mbwa ni nani. Yeye njo anasikia hatua za mtu mbele ya wote. Kwa hiyo msituambie mbwa ni mchezo wa watu walioshiba. Kwa watu wa mjini pengine ni mchezo. Kwetu mbwa ni mlinzi wa nyumba isiyo na mlango wa chuma.

Tena ni mlinzi wa shamba. Anayelima karibu na mpaka wa parke anajua nyani hawasomi ramani. Wanatoka asubuhi, wanamaliza mahindi, wanarudi. Nguruwe wa pori wanakuja usiku, wanachimba mihogo, wanarudi. Mnyama wa parke anaingia kwetu saa yoyote anayotaka, hana jeto, hana kibali, na mahindi yakishaliwa hatujaona mtu akija na bahasha ya kulipa. Mbwa akimfukuza nyani, akamfuata mpaka akavuka mpaka ambao hata sisi hatujaonyeshwa vizuri unapita wapi, hapo njo sheria inaamka. Mpaka huo una upande mmoja tu.

Halafu kuna pori lenyewe. Katika Walikale, sekta ya Wanianga na sekta ya Bakano, hakuna mwanamke mwenye akili anayeenda mbali kutafuta kuni, uyoga au majani ya dawa peke yake. Anaenda na wenzake, na mbwa anatangulia. Nani asiyejua yanayowapata wanawake porini kwetu tangu miaka ya 1990? Anayemwambia mama huyo amfunge mbwa kamba hajawahi kutembea kwenye pori la Walikale. Kamba inanasa kila hatua kumi kwenye mizizi na miiba, na mbwa aliyefungwa hawezi kutangulia kunusa kilicho mbele, wakati kazi yake ni hiyo.

Na ngoja tuseme juu ya kengele. Mbwa wetu wa zamani, wa pori la Kongo, habweki sana. Wazungu walimchukua, wakamwita basenji, wakamtia kwenye maonyesho yao, na sifa yake ya kwanza wanayoandika ni hiyo: hana kelele. Njo maana wazee wetu walimfungia shingoni kengele ya mti, ili mwenye mbwa ajue mbwa wake amefika wapi. Kengele hiyo unaisikia kabla ya kumwona mbwa. Sasa mtu afikiri kidogo. Jangili anayekwenda kuua tembo au gorila anabeba Kalashnikov, anatembea usiku, anakanyaga polepole. Anaweza kumfungia mbwa wake kengele? Mwenye kengele anatangaza: niko hapa, ninapita, munisikie. Yule asiye na kengele hatangazi. Lakini tukisikiliza habari za wanaokamatwa, ni wale wa kengele wanaojaza chumba.

Sasa tufike kwenye kiini cha barua hii.

Wakubwa wanasema: haiwezekani kupanga saa, pori limefungwa, saa hazipo. Wandugu, saa zipo. Zipo miaka mingi. Zinauzwa. Vikundi vya silaha katika Masisi na Walikale viliuza jeto ya kila mwezi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika juu ya jeto hizo katika ripoti zao, si maneno ya mitaani. Uko na jeto, unapita kwenda shamba. Huna, unalipa pale pale, au unachapwa, au unabeba mizigo ya askari mpaka jioni. Wanaochoma makala wanajua njia gani iko wazi siku gani. Wanaowinda wanajua. Bei inajulikana. Yaani lile Leta linasema haliwezekani, mwenye bunduki alilifanya zamani: ametoa ratiba, ametoa kibali, ameweka mtu wa kukagua.

Parke inayosema «hapana» kwa kila mtu, kila saa, kila siku, bila mlango hata mmoja, haifungi pori. Inamwachia mwingine ufunguo. Mama anahitaji kuni leo jioni. Hawezi kungoja mpaka Kinshasa na wafadhili wakubaliane. Kati ya gadi atakayemkamata na kijana wa kikundi atakayempitisha kwa pesa, atakwenda wapi? Na mwaka baada ya mwaka, nani ataonekana rafiki na nani ataonekana adui? Halafu watu wanakaa kwenye semina Goma, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, wanauliza kwa nini wakaaji hawapendi parke.

Hatusemi hivi kwa chuki juu ya gadi. Gadi wengi ni watoto wa kwetu, wamesoma na sisi. Tunakumbuka tarehe 24 mwezi wa ine 2020, karibu na Rumangabo, gadi 12 waliouawa siku moja pamoja na raia. Tunakumbuka 10 mwezi wa kwanza 2021, wengine sita. Zaidi ya gadi 200 wamekufa kwa ajili ya Virunga tangu parke iwe parke. Gadi anaposikia kitu kinatembea kwenye majani, hajui ni mama wa kuni au ni watu wa silaha, na kidole chake kiko mahali ambapo kiko. Njo sababu moja zaidi ya kupanga saa. Gadi akijua kwamba siku ya ine, toka saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, njia fulani ina watu na mbwa wenye kengele, hatashtuka kwa kila jani. Na atakayemkuta saa nane usiku, bila kengele, mahali pasipo njia, huyo atajua ni nani. Saa zinamsaidia gadi sawa vile zinamsaidia jirani.

Kuna mahali duniani jambo hili limefanyika, tena si porini. New York, mji wa watu zaidi ya milioni nane, una bustani kubwa katikati ya magorofa, na majirani wa bustani hizo waligombana miaka mingi juu ya mbwa. Wengine walitaka mbwa wakimbie huru. Wengine walisema mbwa watauma watoto wetu, watachafua majani. Kwa muda mrefu hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Walinzi wa bustani walifumba macho asubuhi mapema na usiku. Mwaka 2006 majirani wa upande wa Queens walikwenda tribinali kusema mji unavunja sheria yake wenyewe. Hawakushinda, lakini kelele zao zilileta kitu: mwaka 2007 mji uliiandika ile desturi ikawa kanuni. Katika bustani zilizotajwa, mbwa anaweza kuachiwa tangu bustani inapofunguliwa mpaka saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tatu usiku mpaka bustani inapofungwa. Mwenye mbwa lazima awe na leseni ya mbwa na karatasi ya chanjo ya kichaa. Saa nyingine zote, kamba.

Tunajua vizuri New York si Walikale. Kule hakuna gorila, hakuna FDLR, na mbwa wengine wanavaa koti. Lakini angalieni njia waliyopita. Kulikuwa na desturi isiyoandikwa, kila mtu anaitumia, kila mtu anaogopa. Wakakubali kwamba ipo. Wakaiwekea saa, mipaka na chanjo. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kuomba saa wamekuwa maadui wa miti. Sisi tukiomba kitu kile kile, tunaitwa watu wa vurugu.

Sasa tuzungumze na wale wanaotuambia mbwa analeta ugonjwa. Hawa tunawaheshimu, kwa sababu wanasema kweli. Mwaka 1994 kule Serengeti, Tanzania, ugonjwa wa mbwa uliingia kwa simba, na karibu simba 1,000 wakafa, theluthi moja ya simba wote wa kule. Mbwa wa vijiji vya jirani wako ndani ya habari hiyo, hatuwezi kukana. Na gorila wetu ni wachache. Mwaka 2016 watafiti walihesabu gorila wa Grauer wakakadiria 3,800 tu. Mwaka 2021 hesabu mpya ikasema karibu 6,800. Ni wengi kuliko tulivyoogopa, lakini bado ni wachache mno, na sehemu yao wanaishi hapa Walikale, hata nje ya parke, kwenye misitu ya wakaaji. Gorila wakiisha hapa, hawako mahali pengine. Mtu wa Walikale anayesema «kufa kwao kunanihusu nini» hatumtaki kwenye mwendo huu.

Lakini Serengeti walifanya nini baada ya simba kufa? Walianza kuchanja mbwa wa vijiji. Timu zikaenda kijiji kwa kijiji, watoto wakaleta mbwa kwa kamba za katani, mbwa akichomwa sindano mwenyewe anapewa karatasi. Kichaa cha mbwa kikapungua kwa watu pia. Dawa ya ugonjwa wa mbwa ilikuwa kumchanja, na mwenye kuchanjiwa mbwa akajua kwamba hifadhi inamhesabu naye.

Hapa kwetu iko wapi chanjo hiyo? Gorila akikohoa, daktari wake anapanda mlima na sanduku la dawa, na ni vizuri. Mtoto akiumwa na mbwa huko ndani, familia inaanza kutafuta motari, pesa ya motari, na kizuizi baada ya kizuizi mpaka mjini, kutafuta sindano ambayo pengine haiko. Na kichaa hakingoji. Dalili zikishatokea, mgonjwa haponi. Duniani kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu nusu ni watoto. Inatosha kuchanja mbwa saba kati ya kumi ili ugonjwa ukose njia. Saba kati ya kumi! Kwa vijiji vinavyozunguka parke hiyo ni kazi ya sanduku za baridi, pikipiki na vijana wachache waliofundishwa. Vijana tuko. (Na kwa kuwa tuko hapo: ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu utafute kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya gari.)

Kwa hiyo tunageuza maneno. Kama ugonjwa njo sababu ya kweli, leteni chanjo. Mbwa aliyechanjwa, mwenye kengele na alama ya kijiji chake, apewe saa zake. Asiyechanjwa asiingie, na sisi wenyewe tutamzuia. Lakini kama baada ya chanjo jibu bado ni hapana, basi ugonjwa haukuwa sababu.

Historia hatutairefusha, mnaijua. Virunga ilianza 1925, ikiitwa jina la mfalme wa Wabelgiji, na hakuna babu yetu aliyeulizwa. Kahuzi-Biega ilianza 1970, Maiko mwaka huo huo. Mwaka 1975 Kahuzi-Biega ikapanuliwa mpaka karibu hekta 600,000, ikashuka kutoka milimani mpaka ndani ya Walikale, na vijiji vikaamka viko ndani ya mistari ya ramani. Batwa wa Kahuzi walitolewa kwenye pori lao bila kulipwa. Watu wanaoishi kwa mbwa, wavu na majani ya dawa waliambiwa waishi kwa kitu kingine, na kitu hicho hawakupewa. Mwaka 2017 baba mmoja Mutwa aliingia parkeni na mwanawe kutafuta majani ya dawa. Gadi walipiga risasi. Kijana alikuwa na miaka 17, akafa.

Baada ya hapo karatasi nzuri zilikuja. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 inalinda haki za Wambuti na Batwa juu ya ardhi na mali ya pori wanayoitumia tangu mababu. Na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Banjul: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, iwarudishie ardhi yao na iwalipe fidia. Tunauliza wakubwa wa Kinshasa: mtu ambaye Tume ya bara zima imesema arudishiwe ardhi, je, bado hawezi kupewa hata saa tatu za asubuhi na mbwa wake?

Wanapenda kutuambia kwamba bila parke tungemaliza wanyama wote, kwamba watu weusi hawajui kulinda pori. Waende wakasome hadithi ya Mwindo, ya Wanyanga, hapa hapa Walikale. Biebuyck na Mateene waliichapisha 1969, lakini wazee waliisimulia zamani kabla ya parke yoyote. Mwindo alitamani nyama ya nguruwe, akawatuma Wambuti kuwinda, wakakutana na Kirimu, lile jitu la porini lenye vichwa saba. Mwindo akaliua. Halafu Nkuba, yaani radi, ambaye Kirimu alikuwa rafiki yake, akamchukua Mwindo juu mbinguni, akamtesa kwa baridi na jua, akamrudisha duniani na amri: usiue tena mnyama. Shujaa mkubwa kuliko wote wa Wanyanga anamaliza hadithi yake akiwa amekatazwa kuwinda. Sisi hatukungoja mzungu atufundishe kwamba pori lina mwenyewe na lina siku zake za kufungwa.

Ila tusijidanganye, vijana wenzetu. Kuna wawindaji kati yetu wanaotumia njaa ya mama kama kofia ya kuficha biashara yao. Wanaingia na mbwa kumi, wanatoka na mzigo wa nyama ya kupakia kwenye gari la kwenda mjini. Hao hatuwatetei. Saa tunazoomba si za kuwinda ndani ya parke. Tunazoomba ni za kupita, kuni, uyoga, dawa na ulinzi wa shamba. Kuhusu uwindaji kuna sheria ya 1982, ina misimu ya kufungua na ya kufunga, na mahali pake ni nje ya parke. Mbwa akishika mnyama saa za kupita, mwenyewe apoteze saa hizo kwa msimu mzima, na wazee wa kijiji njo wamhukumu mbele ya wote. Na nyinyi wa Goma munaoandika «tulinde mazingira» halafu jumapili munatafuta nyama ya pori na bia baridi: mzigo ule ulikuwa unawafuata nyinyi.

Sehemu nyingine ya kazi haiko mikononi mwa parke hata kidogo, iko kwetu. Dekreti ya tarehe 2 mwezi wa munane 2014 inaruhusu jamii kupata msitu wake, mpaka hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa muda. Walikale iko na vijiji vilivyofuata njia hiyo. Msitu wa jamii unahitaji mpango wa usimamizi, na mpango huo unaandikwa na wakaaji: hapa tunalima, hapa hatukati mti, hapa tunawinda na hapa hatuwindi. Humo hakuna wa kutuzuia kuandika saa za mbwa. Tukiziandika vizuri, zikafuatwa mwaka mmoja, miwili, tutakwenda mbele ya ICCN tukiwa na daftari lenye majina ya mbwa, tarehe za chanjo, makosa yaliyotokea na adhabu zilizotolewa. Hapo wao njo watatafuta maneno.

Kwa ICCN na washirika wake, tunachotaka kianze na njia chache. Mchague pamoja na wakaaji njia moja upande wa Masisi, pale parke inapogusana na mashamba, na moja upande wa Itebero. Muonyeshe mpaka kwa macho, kwa mawe au miti iliyopakwa rangi, si kwa GPS ya mtu mmoja. Mlete chanjo kwanza, saa zifuate. Mbwa anayekutwa nje ya saa akamatwe, mwenyewe aitwe alipe, lakini asipigwe risasi mbele ya watoto. Mjaribu miezi sita. Na vita ikizuia njia moja, muanze na ile nyingine. Vita haijawahi kuzuia wanaouza jeto.

Kwa wami, wakuu wa sekta na wakuu wa grupema: mnajua jeto zinauzwa wapi katika maeneo yenu. Wengine mnanyamaza kwa woga, tunaelewa. Wengine mnakula nazo. Tutawataja siku yake.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu, uko Katindo, uko Ndosho, uko Kinshasa unasoma: piga simu kijijini leo jioni. Uliza vitu vitatu. Mbwa wa nyumbani amechanjwa? Mpaka wa parke unapita wapi, na nani aliwaonyesha? Kupita kwenda kwa kuni ni pesa ngapi mwezi huu, na inapokelewa na nani? Andika majibu bila majina ya watu, weka jina la kijiji na tarehe, na uyahifadhi. Tutayakusanya kijiji kwa kijiji, tuanze na bei.